Mapango ya Kwekoba Yana Uwezo Mkubwa Mno

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, na ukiiona, basi ujue umeishika ramani kichwa chini. Jina inalo, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo alipoteuliwa kuwa balozi. Kwa hiyo tutasema nchi hiyo tu, na wewe msomaji usianze kuchungulia dirishani.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Havijawa Shembago, Afisa Mtathmini wa Wizara ya Mandhari na Furaha ya Taifa. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali, kupatazama, kisha kurudi na kuandika kwamba pana uwezo mkubwa. Aliwahi kutathmini dampo la makao makuu akaandika kwamba lina uwezo mkubwa wa kutazamia ndege. Aliwahi kutathmini daraja lililoanguka akaandika kwamba lina uwezo mkubwa wa michezo ya majini. Alikuwa mpole, hapendi maneno, na wakubwa walimpenda kwa sababu hiyohiyo.

Mama yake alikaa kijijini Kwekoba, kule milimani. Kwa watu wa Kwekoba, mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza huliacha jina lake na kuchukua la mtoto, nalo ndilo huenda nalo mpaka kaburini. Mama huyu aliitwa Mama Mhina. Mhina alikuwa kaka yake Havijawa, kijana mrefu, mcheshi, anayecheka kwa sauti mpaka kuku wanakimbia. Alichechemea kidogo. Utotoni alianguka kutoka juu ya mfenesi, mguu wa kushoto ukavunjika kwenye muundi, chini ya goti. Fundi wa mifupa akauunga, lakini ukabaki umepinda kwa nje, na nundu katikati. Kwa hiyo kandambili zake za kushoto zililika upande mmoja tu, na mama yake alikuwa akimtania kwamba anavaa viatu nusunusu.

Mwaka ambao Mhina alikuwa kidato cha nne, wanafunzi wa Kwekoba waliandamana kudai maji. Bomba lao lilikuwa limezinduliwa na viongozi kila baada ya uchaguzi, limekatiwa utepe mpaka utepe ukaadimika madukani, ila maji yenyewe ndiyo hayakuwahi kualikwa. Serikali ikatangaza Wiki ya Utulivu. Malori yakapanda mlima. Wiki ilipokwisha, kijiji kilikuwa kimetulia kweli, na Mhina na wenzake hawakuwepo.

Watu wabaya husema Serikali ilikaa kimya. Si kweli. Kila mama aliletewa cheti kizuri chenye nembo ya taifa: "Hongera! Mwanao amehamia ng'ambo kwa hiari yake." Na kwa kuwa aliyehamia ng'ambo ni mzima, ikapigwa marufuku kumwekea matanga. Akina mama wa Kwekoba wakameza kilio chao kizimakizima. Majirani, kwa woga, wakaacha kutaja majina ya vijana wale, nao wakaanza kumwita mama wa Mhina kwa jina la Mama Havijawa. Hakuitika. Ungemwita hivyo mpaka koo likukauke, naye angeendelea kuchambua mboga zake za mchunga kana kwamba ameitwa mtu wa nyumba ya pili.

"Mimi ni Mama Mhina," alikuwa akisema. "Sijabadilisha."

Kila Havijawa alipokwenda likizo, mama yake alimuuliza swali moja, hata kabla hajamwonyesha pa kuweka mkoba. "Huko mjini hamjasikia?"

"Bado, mama."

Havijawa hakutaka cheo wala nyumba. Alitaka kujua kaka yake amelala wapi, amfukie, mama yake alie, basi. Ni haja ndogo, na katika nchi hiyo haja ndogo ndizo zisizowezekana.

*

Siku moja Waziri aliwaita maafisa ukumbini. Aliitwa Mheshimiwa Mzavasi. Zamani alikuwa Waziri wa Utulivu, na kwa kuwa aliutuliza utulivu mpaka ukakosa pa kukaa, alihamishiwa kwenye Mandhari na Furaha.

"Ndugu zangu," alisema, "dunia sasa inataka utalii wa ikolojia. Utalii wa ikolojia ni mgeni kutoka mbali kuja kutazama vitu ambavyo wenyewe hatujavigusa. Na katika jambo hili, ndugu zangu, hakuna taifa la kushindana na sisi! Hospitali hatujazigusa! Barabara hatujazigusa! Kuna shule hatujazigusa tangu mkoloni aondoke!"

Ukumbi ukapiga makofi. Kupiga makofi nako kulikuwa sehemu ya maelezo ya kazi.

"Tutaanza na mapango ya Kwekoba na msitu unaoyazunguka. Taarifa ya tathmini imekwisha kuchapishwa." Akainua kitabu kinene chenye picha ya pango zuri la nchi jirani. "Imeonekana kwamba uwezo ni mkubwa mno. Kilichobaki ni kwenda kutathmini."

Havijawa alichaguliwa kwa kuwa ni mwenyeji wa kule. Akapewa na mtaalamu wa kumsaidia, Profesa Shebughe, Profesa wa Mambo ya Kale na Mengineyo. Waziri mwenyewe akasema atakwenda, maana, kwa maneno yake, Kwekoba anapafahamu vizuri.

*

Walianza na msitu. Ulikuwa msitu wa kupendeza sana kwa mtu aliye ndani ya gari. Miti mikubwa ilisimama kandokando ya barabara, minene, imeshonana, na kila mmoja ulipigiliwa kibao kilichoandikwa MTI ili mgeni asipate shida. Havijawa alishuka akapenya katikati ya miti hiyo, na baada ya kupenya kidogo tu akatokea upande wa pili. Huko kulikuwa na jua, visiki na vumbi la mbao hadi jicho linapofika.

"Profesa, msitu wenyewe uko wapi?"

"Umeupita sasa hivi," Profesa alijibu. "Ule uliobaki tumeuhifadhi mjini."

Na kweli ulikuwa mjini, umehifadhiwa katika milango, madirisha na vitanda vya waheshimiwa. Mbega waliosalia walikuwa wawili, nao walikuwa wameajiriwa kwa mkataba wa kuonekana saa za kazi. Profesa akaandika: msitu una uwezo mkubwa mno, hasa ukitazamwa kwa mwendo wa gari.

Wakapanda mpaka kwenye mlango wa pango. Hapo inabidi nikueleze jambo. Watu wa Kwekoba hawaingii pangoni kimyakimya. Mle ndimo wanamokaa waliotangulia, na huwezi kujiingilia nyumbani kwa watu kama paka. Unasimama mlangoni, unapiga hodi. Unasema wewe ni nani na shida iliyokuleta. Kama kuna wageni wanaokuja nyuma yako, unawatangulizia habari, ili wenyeji wasogee, watayarishe nafasi. Kisha unangoja mwangwi utulie. Huo ndio ukaribisho.

Waziri na Profesa walipitiliza. Miguu ya Havijawa ilikataa. Alikuwa na shahada na kitambulisho cha Wizara kifuani, lakini miguu ilikuwa ya Kwekoba, na ikasimama.

"Hodi!" alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi Havijawa, mtoto wa Mama Mhina. Nimeleta wageni. Naomba muwapokee."

Jina lile halikuwa limetajwa hadharani tangu Wiki ya Utulivu. Pango likalichukua, likalizungusha, likalirudisha. Havijawa akashikwa na woga, maana Waziri alikuwa amegeuka na kumkazia macho.

"Hiki ni nini?"

"Ni desturi tu, Mheshimiwa."

"Desturi!" Uso wa Waziri ukachanua. "Profesa, umesikia? Wazungu watazimia! Iandikwe: kila mgeni, mkubwa kwa mdogo, lazima apige hodi, ataje jina na shida yake. Na tufunge kipaza sauti, tena kile kikubwa cha kampeni. Nataka hodi isikike mpaka sokoni bondeni, watu wajue Wizara iko kazini!"

*

Ndani ya pango palikuwa na popo wengi, ambao waliandikiwa karipio kwa kulala kichwa chini mbele ya Waziri. Mbele zaidi palikuwa na ukuta wa matofali ya saruji. Profesa aliukagua kwa kioo cha kukuzia akasema ni wa Zama za Mawe za Mwisho, akaonyesha hata alama ya kiwanda. Waziri akaamuru uvunjwe.

Nyuma ya ukuta walikuwamo watu. Walikuwa mifupa sasa, lakini walikuwa watu, na wengi, wamelaliana vile walivyoangukia. Mashati meupe ya shule yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mkanda wenye beji. Vibarua waliovunja ukuta walivua kofia wakarudi nyuma. Waziri hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyesahau alikoweka miwani yake, kisha akaikuta mfukoni.

"Nilijua kuna kitu tuliacha huku," alisema.

Profesa akapiga magoti kwa furaha. "Binadamu wa Kale! Mheshimiwa, taifa letu limebarikiwa. Hawa wana miaka elfu kumi, kama si zaidi." Akaokota kitu mavumbini, akakiinua juu kwa vidole viwili. "Na tazama! Kandambili! Dunia nzima inajidai, kumbe sisi ndio tuliogundua plastiki!"

Ilikuwa kandambili ya kushoto. Ilikuwa imelika upande wa nje tu.

Havijawa aliinama. Alijiambia asitazame, akatazama. Kando ya pale ilipookotwa palikuwa na mfupa wa mguu, muundi uliopinda kwa nje, na katikati una nundu. Utotoni alikuwa akiishika nundu ile kwa kidole wakiwa wamekaa barazani, na Mhina akimwambia akiibonyeza itapiga kengele. Alitaka kupiga yowe mpaka mlima upasuke. Alichomeka mkono mdomoni akauma.

Waziri akamshika bega, akamvuta pembeni kwa upole wa mtu anayemwongoza bibi harusi.

"Binti yangu, nasikia wewe ni mwenyeji. Taarifa itahitaji sahihi ya mtathmini, kwamba hawa ni watu wa kale, hawana ndugu wala jamaa."

"Mheshimiwa, huyu pale..."

"Usimalize," Waziri alisema haraka, na kwa mara ya kwanza alionekana hana utani. "Ukimaliza hiyo sentensi, mimi na wewe tutakuwa na tatizo. Nisikilize vizuri. Ukitia sahihi, wanabaki hapahapa, wanafagiliwa, wanawekewa taa, mtu yeyote anaweza kuja kuwaona. Usipotia, pango si salama kwa wageni. Pango lisilo salama tunalifunga, na saruji tunayo nyingi. Hapo hakuna atakayewaona mpaka kiyama."

Havijawa alitazama kule mfupa ulikokuwa. Akaomba kalamu. Aliandika jina lake pole sana, herufi mojamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

*

Mama yake alimsikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, ungo magotini. Havijawa alieleza yote, mpaka ile sahihi. Alipomaliza, mama alirudi kuchagua mchele.

"Amelala upande gani?"

"Ubavu wa kulia, mama. Ukutani."

"Ndivyo alivyokuwa akilala." Akachagua jiwe, akalitupa nje. "Nawe umeandika mwanangu ana miaka elfu kumi?"

"Nimeandika, mama."

"Basi mimi niliyemzaa nina mingapi?"

Havijawa akaanguka magotini pa mama yake akalia, na mchele ukamwagika. Mama hakulia. Alimpigapiga mgongoni kwa mkono mmoja, kama anambembeleza mtu mwenye kwikwi.

"Nyamaza. Umesema mtu yeyote anaweza kwenda kuwaona?"

"Yeyote mwenye tiketi."

"Basi ngoja wafungue."

*

Sherehe ya ufunguzi ilikuwa kubwa kuliko pango. Waziri alihutubia mpaka kivuli chake kikahamia upande wa pili. Alisema kwamba Binadamu wa Kale wa Kwekoba walikuwa watulivu kwa asili, hawakuandamana kamwe, na vijana wa leo waige mfano. Kandambili ya kushoto ilikabidhiwa kwa Mkuu wa Nchi juu ya mto wa hariri, ikachorwa kwenye noti mpya. Mifupa ilibaki pangoni. Kwa mujibu wa taarifa ilizingirwa na kioo kisichopenya risasi. Kwa mujibu wa macho ilizingirwa na kamba ya katani na kibao cha USIGUSE, kwa kuwa kioo kilikuwa kimeishia kwenye sebule ya mtu.

Wageni kutoka ng'ambo waliotegemewa hawakuja. Walikuja akina mama.

Walianza kufika kesho yake asubuhi, wamevaa kanga zao nzuri, vikapu mkononi. Wa kwanza alikuwa mama yake Havijawa. Mwuza tiketi, kijana wa Wizara asiyejua lolote, alimpa kipaza sauti akamwambia ni lazima, ni utaratibu. Mama akakishika kwa mikono miwili.

"Hodi," alisema. "Ni mimi, Mama Mhina. Nimekuja kumtazama mwanangu."

Sauti ikashuka bondeni. Sokoni, mwuza nyanya aliacha kupanga nyanya zake. Mtu akazima redio.

Wa pili akapokea kipaza. "Hodi. Ni mimi, Mama Kiango."

"Hodi. Mama Sechonge."

"Hodi jamani. Mama Mbaruku na mdogo wake."

Siku nzima majina yaliyokuwa yamekatazwa yalitoka pangoni kwa mitambo ya Serikali, yakapita juu ya soko, juu ya kituo cha polisi, juu ya ile shule. Askari walisikia wakatikisa vichwa kwa mdundo, maana waliambiwa ni utamaduni. Havijawa alisimama chini ya mti wenye kibao cha MTI, akasikiliza, na tangu utu uzima wake hakuwahi kujisikia mwepesi kiasi kile.

Vikapu viliingia na mchicha juu, vikatoka na mchicha juu. Mwuza tiketi alikuwa amefundishwa kukagua wageni wanapoingia. Kukagua wanaotoka hakukuwamo katika mafunzo. Mama yake Havijawa alirudi akitembea polepole, kikapu kifuani badala ya kichwani. Walimfukia Mhina kwenye migomba nyuma ya nyumba, pale kondo lake lilipozikwa alipozaliwa. Kwa kuwa matanga yalikuwa marufuku, majirani walikuja kwa "sherehe ya kuhamia ng'ambo". Walikaa mikekani, wakala ubwabwa, na ilipofika wakati wa kulia wakaomba wakate vitunguu. Vitunguu vingi sana vilikatwa Kwekoba msimu ule.

Mama ndipo akalia. Alilia kwa miaka yote, hata vitunguu vikasahauliwa.

*

Makao makuu walifurahi kupita kiasi. Utalii wa ndani ulikuwa umepanda mpaka mchoro ukatoka nje ya karatasi. Kisha Profesa akaenda kukagua vielelezo, akarudi mbio, na Havijawa akaitwa ofisini kwa Waziri.

"Vimekwisha," Waziri alisema. "Kamba ipo, kibao kipo, Binadamu wa Kale hayupo hata mmoja. Sikulaumu. Nimefikiri sana, nikaona kosa ni letu. Tulisahau neno muhimu kabisa katika ikolojia. Profesa?"

"Uendelevu," alisema Profesa.

"Uendelevu! Kivutio lazima kijizalishe. Sasa pale Kwekoba, nimeambiwa wanafunzi wameanza tena habari zao za maji. Nimezungumza na wenzangu wa Utulivu, wiki ijayo watapeleka malori. Wewe kazi yako ni ndogo." Akamsogezea karatasi. "Tathmini ya upatikanaji endelevu wa vielelezo. Matokeo yamekwisha kuchapwa. Sahihi tu."

Havijawa aliisoma. Iliandikwa kwamba shule ya Kwekoba ina uwezo mkubwa mno.

"Mheshimiwa, hawa bado wanakwenda shule."

"Ndiyo maana tunafanya tathmini mapema."

"Siandiki."

Waziri alidhani hakusikia vizuri. Katika ofisi ile neno hilo halikuwahi kutamkwa, na hata viti havikulizoea.

"Mara ya kwanza ulitia, binti yangu."

"Mara ya kwanza nilitia kwa ajili ya wafu," Havijawa alisema. "Wale walikuwa wamekwisha kufa, nikataka wapatikane. Hawa wana mama zao, wanawapikia uji asubuhi. Siandiki. Mtanifanya mtakavyo."

Waziri alimtazama kwa masikitiko ya kweli, kama anavyotazamwa mtumishi mzuri aliyekataa uhamisho. Akamwambia aende likizo nyumbani, akapumzike.

Havijawa alikwenda. Lakini hakwenda kupumzika. Siku ya gulio, soko limejaa, alipanda mpaka pangoni, akakata tiketi kama raia yeyote, akashika kipaza sauti. Mwuza tiketi alimwamkia kwa heshima. Ndiye afisa aliyeanzisha utaratibu.

"Hodi," Havijawa alisema. "Ni mimi Havijawa, mtoto wa Mama Mhina. Wenyeji, nimekuja kuwatangulizia habari. Wiki ijayo mtaletewa wageni. Ni watoto wa shule ya Kwekoba, wanakuja kwa malori. Naomba msogee, muwatayarishie nafasi."

Akangoja mwangwi utulie, kama desturi inavyotaka. Mwuza tiketi akapiga makofi, akasema leo hodi imekuwa ndefu na tamu. Bondeni hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walikuwa wamekwisha kufunga mizigo, wengine wameacha nyanya chini, wanakwenda mbio kuelekea shuleni.

Malori yalipofika wiki iliyofuata yalikuta madawati. Ubaoni palikuwa na hesabu ambayo haikumaliziwa. Watoto walikuwa wamevuka mpaka wa nchi, wako kwa mashangazi na wajomba, na hata mwalimu mkuu alikuwa amekumbuka msiba wa mbali.

Basi nchi hiyo ina sifa moja nzuri, haipendi lori lirudi tupu. Ni kupoteza mafuta ya umma. Walipokuwa wakiteremka walimkuta Havijawa amekaa kwenye jiwe la njia panda, mkoba magotini. Alikuwa ameambiwa akimbie pamoja na watoto, akasema mama yake miguu haiwezi milima, naye hamwachi peke yake na kaburi. Akawaona wanapunguza mwendo. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akapanda mwenyewe ili wasimshike.

*

Mama yake aliletewa cheti. Nembo ilikuwa ileile, hongera ileile, karatasi tu ndiyo imekuwa nzito zaidi, maana Wizara inaendelea. Alikitia chini ya mkeka pamoja na cha kwanza.

Pango lilifungwa kwa matengenezo mafupi, kisha likafunguliwa. Tangazo lilisema kwamba amegunduliwa Binadamu wa Kale mwingine, mwanamke, wa miaka elfu kumi, katika hali nzuri ya kushangaza.

Siku ya kwanza asubuhi mama alipanda mlima, kikapu mkononi, mchicha juu. Mwuza tiketi alimkumbuka akafurahi. Alimwandika kama mgeni wa kurudia, kundi ambalo Wizara inalipenda kuliko yote.

"Karibu tena, Mama Mhina," alisema, akampa kipaza sauti. "Utaratibu unaujua."

Mama alikishika kwa mikono miwili. Alisimama pale mlangoni mpaka watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Bondeni, soko lilikuwa limenyamaza, linasubiri jina.

"Hodi," alisema. "Ni mimi, Mama Havijawa."